Nyoyo Iive kwa Makaa Machache

Ninapomshauri mgonjwa wa kisukari hapa Kisumu apunguze ugali wa unga uliokobolewa, na badala yake ale nyoyo au mtama mzima kwa kiasi, aghalabu jibu huwa moja: "Daktari, na makaa je?" Swali hilo ni la haki. Mahindi makavu na maharagwe yaliyopimwa kwa gorogoro pale Kibuye huweza kukaa motoni saa tatu au zaidi, na kwa mpangaji wa Nyalenda au Manyatta hiyo si pesa kidogo.

Wengine hutafuta nafuu kwa njia ya hatari. Huacha jiko likiwaka chumbani usiku, mlango na dirisha vimefungwa, nyoyo ichemke polepole wakilala. Makaa yanayoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu usingizini.

Njia iliyo salama huanza jioni bila moto. Loweka mahindi na maharagwe katika vyombo viwili kwa muda wa saa 8 hadi 12. Joto letu la ziwani huchachusha maji upesi, kwa hiyo usizidishe, na maji hayo uyamwage. Asubuhi tanguliza mahindi yachemke kiasi cha saa moja, kisha utie maharagwe, yote yatokote kwa nguvu nusu saa. Hapo, bila kufunua, ipua sufuria uiweke katika kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu au nyasi kavu pande zote, na juu ufunike kwa mto mnene. Kikapu hakitoi joto. Huzuia tu lililomo lisitoroke, na nyoyo huendelea kuiva kwa muda wa saa 4. Sufuria iwe imejaa, kwani iliyo nusu hupoa haraka.

Ile nusu saa ya kutokota usiipunguze. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto la kikapu peke yake haliimalizi. Maharagwe mabichi manne au matano yaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima. Tena Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukitoa kikapuni, chemsha tena kabla ya kupakua. Chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaana.

Mwenye sufuria ya presha hana haja ya kikapu.

Wako wanaotia magadi ili maharagwe yalainike. Yatalainika kweli, lakini magadi huharibu vitamini B1, na sodiamu yake haimfai mwenye shinikizo la damu. Kuloweka kwatosha. Mtama ni rahisi zaidi: ukishalowekwa, chemsha nusu saa, kikapu kimalize.