Kaliba ya Bastola na Mkono Unaoishika

Katika mji mdogo wa Makongolosi, wilayani Chunya, kwenye ukanda wa Lupa ambako dhahabu imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1920, bastola ni chombo cha watu wachache: askari polisi, baadhi ya walinzi, na wafanyabiashara wa madini waliopewa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uchache huo haupunguzi uzito wa jambo, kwa kuwa bastola hizo hubebwa mahali penye watu wengi, karibu na maduara ya wachimbaji, kwenye maduka ya dhahabu na katika nyumba zilizobanana, na kwa kuwa anayeichagua silaha hiyo mara nyingi huongozwa na imani kwamba namba kubwa zaidi iliyochorwa kwenye mtutu ndiyo inayomlinda mtu zaidi. Imani hiyo ina makosa, na makosa yake yanaweza kuonyeshwa kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazimudu.

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu, ambacho hulingana kwa karibu na kipenyo cha kichwa cha risasi, yaani ile sehemu inayotoka na kuruka, tofauti na ganda linalobaki likiwa limebeba baruti iliyokwisha kuungua. Nchi za bara la Ulaya huandika kipimo hicho kwa milimita, Waingereza na Wamarekani wamezoea sehemu za inchi, na mchanganyiko wa desturi hizo mbili umezaa majina yanayompotosha mnunuzi. Risasi iitwayo .38 Special haina upana wa inchi 0.38, bali 0.357, ambao ni takriban milimita 9.07, risasi ya milimita 9 Parabellum, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ina upana wa milimita 9.01, na ile iitwayo .380, ambayo John Browning aliitoa mwaka 1908, ina upana huohuo wa Parabellum, ila ganda lake lina urefu wa milimita 17 badala ya 19. Risasi tatu zinazokaribiana hivyo kwa upana hutoka mtutuni zikiwa na nishati zinazotofautiana mno, kwani ile ya .380 hubeba takriban jouli 260, ya .38 Special jouli 270, na Parabellum karibu jouli 490, huku .357 Magnum ya miaka ya 1930, ambayo kichwa chake kina upana sawa na cha .38 Special, ikivuka jouli 700. Namba iliyochorwa kwenye mtutu hutaja upana tu, na haisemi lolote kuhusu kiasi cha baruti, uzito wa kichwa wala mwendokasi wake.

Jambo la kwanza ambalo mpigaji hulihisi ni msukumo wa kurudi nyuma, na chanzo chake ni kanuni ya tatu ya Isaac Newton, kwamba kitu kinachosukumwa upande mmoja hukisukuma kile kilichokisukuma upande wa pili kwa kani iliyo sawa, kama mtu anayeruka kutoka kwenye mtumbwi wa Ziwa Rukwa anavyouacha mtumbwi ukirudi nyuma. Kipimo kinachohusika hapa huitwa momenta, ambayo ni zao la uzito na mwendokasi. Kichwa cha Parabellum chenye uzito wa gramu 8, kikitoka kwa mita 350 kwa sekunde, kina momenta ya 2.8, kwa kutumia kilogramu na mita kwa sekunde. Kile cha kaliba .22, ambacho ni cha gramu 2.6 na mita 300 kwa sekunde, hakifiki hata 0.8, cha kaliba .40, chenye gramu 11.7 na mwendokasi wa mita 300, kina 3.5, na cha kaliba .45, kilicho kizito cha gramu 14.9 lakini cha polepole, mita 255 kwa sekunde, kina 3.8. Hewa ya moto inayofuata nyuma ya kichwa huongeza kidogo juu ya hesabu hizo, na huongeza zaidi kwenye risasi zenye baruti nyingi kama .357 Magnum, jambo linaloeleza kwa nini risasi hiyo hulalamikiwa kuliko inavyotarajiwa kwa kutazama kichwa chake peke yake.

Momenta hiyo hupokelewa na bastola kabla ya kufika mkononi, na hapo ndipo uzito wa silaha unapoingia kwenye hesabu kwa namna ambayo wanunuzi wengi huisahau. Bastola ya Parabellum yenye uzito wa kilogramu 0.9 hurudi nyuma kwa mwendokasi wa takriban mita 3.1 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 4.4, ilhali bastola ndogo ya mfukoni yenye uzito wa nusu ya huo, ikipiga risasi ileile, hurudi kwa mita 6.2 kwa sekunde na nishati ya jouli 8.7, kwa maana kwamba kuupunguza uzito wa silaha kwa nusu huizidisha mara mbili nishati ambayo mkono unapaswa kuizima. Kinyume chake, bastola ya chuma ya kaliba .45 yenye uzito wa kilogramu 1.25 pamoja na risasi zake hurudi kwa mita 3 kwa sekunde na jouli zisizofika 6. Mtu anayejinunulia bastola ndogo ya milimita 9 kwa kudhani kwamba ameikwepa .45 kwa sababu ya ukali wake, kwa kweli amejichagulia silaha inayompiga kwa nguvu zaidi.

Hesabu hizo za nishati hazimalizi habari ya namna msukumo unavyohisiwa, kwa sababu mkono huhisi pia muda ambao msukumo huo unachukua na mahali unapopita. Mtutu uko juu ya kiganja, na kwa hiyo silaha hairudi nyuma tu bali huinua mdomo wake. Kadiri mtutu unavyokuwa juu zaidi ya mkono, ndivyo unavyoinuka zaidi na ndivyo mpigaji anavyochelewa kuirudisha shabaha mahali pake. Bastola ya silinda huupeleka msukumo wote mkononi kwa mara moja, ilhali ile inayojijaza yenyewe huutumia kwanza kulisukuma bamba la juu na kuibana springi, na hivyo huusambaza kwa muda mrefu kidogo. Bastola nyingi za .380 na za kaliba .32, ambazo zilitengenezwa kwa njia rahisi isiyofunga mtutu na bamba pamoja, huchoma kiganja kuliko udogo wa risasi zao unavyoashiria, kwani kinachozuia bamba lao lisirudi mapema ni uzito wake na springi ngumu tu, na wazee au watu wenye mikono dhaifu hupata taabu hata kulivuta bamba hilo ili kuingiza risasi ya kwanza.

Historia ya majeshi inaonyesha mvutano huohuo kati ya upana wa risasi na uwezo wa mkono. Ujerumani, iliyozitawala nyanda hizi kutoka Iringa na kutoka Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu Langenburg, ilianza na bastola za silinda za milimita 10.6 zilizopitishwa mwaka 1879 na 1883, kisha mwaka 1908 jeshi lake likahamia kwenye bastola ya Luger ya milimita 9. Wamarekani walikwenda upande wa pili: baada ya bastola zao za kaliba .38 kulalamikiwa katika vita vya Ufilipino, majaribio ya mwaka 1904 yaliyofanywa kwa mizoga na ng'ombe wa machinjio yakawaelekeza kwenye .45, iliyopitishwa mwaka 1911. Waingereza, waliozipokea nyanda hizi kutoka kwa Wajerumani, walikuwa na Webley ya kaliba .455, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakakubali kwamba silaha hiyo nzito ilikuwa ngumu kumfundishia askari mpya, wakapitisha mwaka 1932 bastola ya Enfield ya kaliba .38, wakati uleule ambao wachimbaji kutoka pande nyingi walikuwa wakimiminika Lupa. Kinachovutia katika uamuzi huo ni kwamba Waingereza walipunguza pia uzito wa silaha, kutoka takriban kilogramu 1.1 hadi chini kidogo ya 0.8, kiasi kwamba ukikokotoa mwendokasi wa kurudi nyuma utaona kwamba sehemu kubwa ya faida ya risasi ndogo ililiwa na wepesi wa bastola. Kilichobaki kilikuwa urahisi wa kuibeba na kuielekeza, na hilo nalo lilikuwa na thamani yake.

Mfano ulio karibu zaidi na wakati huu unatoka kwa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ambalo baada ya mapigano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, yaliyowaua maofisa wake wawili, lililaumu risasi ya milimita 9 iliyokomea kabla ya kufika moyoni mwa mshambuliaji, likahamia kwenye risasi kali ya milimita 10. Maofisa wengi walishindwa kuimudu, nguvu yake ikapunguzwa, na kutokana na nguvu hiyo iliyopunguzwa ikazaliwa kaliba .40 ya mwaka 1990, iliyoenea katika vituo vingi vya polisi. Lakini katikati ya miaka ya 2010 shirika lilelile lilirudi kwenye milimita 9, likieleza kwamba vichwa vya kisasa vimeuziba pengo na kwamba wapigaji wengi hulenga haraka na kwa usahihi zaidi wakitumia risasi yenye msukumo mdogo. Miaka takriban 30 ya majaribio iliishia pale ilipoanzia, na tofauti ilikuwa katika umbo la kichwa cha risasi.

Utendaji wa risasi hupimwa leo kwa kuipiga ndani ya jeli maalumu inayofanana na nyama kwa ukinzani wake, na kiwango kinachotafutwa ni kupenya kati ya sentimita 30 na 46, kwa sababu inayokomea kabla ya hapo huenda isifike panapohitajika, na inayozidi hapo hutokea upande wa pili ikiwa bado ina uwezo wa kumdhuru mtu mwingine. Vichwa vilivyotobolewa kwa mbele hupanuka vinapogonga jeli na hivyo hupunguza mwendo, ilhali vile vilivyofunikwa shaba kote, ambavyo ni vya bei nafuu, hupita vikiwa na umbo lao. Dhana kwamba risasi ya bastola humrusha mtu nyuma haina msingi, kwani momenta inayompata aliyepigwa haiwezi kuzidi ile iliyompata mpigaji mwenyewe, na ingekuwa na uwezo wa kumwangusha mmoja ingemwangusha na mwingine.

Starehe ya kupiga huonekana kwa wengi kuwa anasa ya watu wa michezo, lakini ndiyo inayoamua risasi ya pili na ya tatu zitaenda wapi. Mpini mpana kuliko mkono humlazimisha mpigaji kuvuta kifyatulio kwa ncha ya kidole na kuipindisha silaha kando. Mtutu mfupi hutoa mwako mkubwa na mlio mkali zaidi. Na mlio wa bastola, ambao kwa kawaida huvuka desibeli 150, huharibu masikio yasiyozibwa na kumfundisha mtu, bila yeye kujua, kufumba macho na kukaza mkono muda mfupi tu kabla ya risasi kutoka. Tabia hiyo ya kujikunyata ndiyo adui mkubwa wa usahihi, na huota mizizi haraka zaidi kwa mtu aliyeanza na kaliba kali, ndiyo maana walimu wengi wa shabaha huanza na .22, ambayo msukumo wake ni mdogo kiasi kwamba kosa la kidole huonekana peke yake bila kufichwa na kishindo. Kwa Chunya, ambako kiangazi ni kikavu na vumbi ni jepesi, inafaa kuongezwa kwamba bastola inayojijaza ikipakwa mafuta mengi hukusanya vumbi na kukwama, na kwamba urahisi wa kuitunza ni sehemu ya starehe hiyo.

Yote hayo hurudi kwenye mazingira ya mji wenyewe. Kichwa cha Parabellum kilichofunikwa shaba hupita kwenye mabati, turubai na mbao kadhaa bila kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hata .22 hutoboa bati, na zote mbili, zikipigwa kwa kuinuliwa, zinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Katika makambi ya wachimbaji, ambako familia hulala nyuma ya bati moja au turubai moja, risasi iliyokosa shabaha haina ukuta wa kuizuia, na kwa hiyo kaliba ambayo mmiliki wake hawezi kuitawala ni hatari kwa jirani kabla ya kuwa kinga kwa mwenyewe. Kwa mtu mzima mwenye mkono wa kawaida, Parabellum katika bastola ya kilogramu moja hivi, yenye vichwa vinavyopanuka pale vinaporuhusiwa na kupatikana, au .38 Special katika bastola ya silinda isiyo nyepesi sana, hukidhi haja bila kumwonea mpigaji, na mwenye mkono dhaifu hafanyi kosa akishuka chini ya hapo.

Kipimo cha mwisho hufanyika kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, chini ya mkufunzi, kwa umbali wa mita 7: mpigaji hupiga risasi tano mfululizo kwenye alama yenye ukubwa wa sahani, bila kusubiri mkono utulie kati ya moja na nyingine. Risasi zote zikiingia ndani ya sahani, silaha hiyo inaufaa mkono wake. Ya kwanza ikiingia na nyingine zikatawanyika juu na kando, basi ama risasi ni kali kupita kiasi, ama bastola ni nyepesi kupita kiasi, na hali hiyo hairekebishwi kwa kununua namba kubwa zaidi.