Wasifu wa Bibi Usisubiri Usiku wa Kuamkia Mazishi



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo halimo katika bajeti ya mradi wowote, ila linagusa kila jumuiya ndogo ndogo hapa Sekei na kote kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nalo ni namna ya kuandika maisha ya bibi zetu waliolea familia katika imani, wakati wao wenyewe bado wana uwezo wa kusimulia.

Sote tunaujua wasifu unaosomwa msibani. Huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mjukuu mwenye mwandiko mzuri, huku turubai likifungwa na sufuria zikitafutwa kwa majirani. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto. Halafu zinakuja habari za ugonjwa, hospitali alizolazwa na saa aliyokata roho, na mara nyingi sehemu hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Mama aliyeishi miaka tisini anakumbukwa kwa miezi yake mitatu ya mwisho. Sisi tunaona si haki.

Tuchukue mfano wa familia inayojulikana nchi nzima. Mgaya wa Nyang'ombe, mama mzazi wa Mwalimu Julius Nyerere, alizaliwa mwaka 1892. Mwaka 1907, akiwa na miaka 15, aliolewa na Burito Nyerere, ambaye baadaye alikuwa chifu wa Wazanaki huko Butiama. Chifu alikuwa na wake 22. Mama Mgaya alizaa watoto wanane, wawili wakafariki wangali wachanga. Mzee Burito alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata, mwezi Desemba, kijana Kambarage alibatizwa kwa jina la Julius. Mama naye aliingia Ukristo, akaitwa Christina. Aliishi chini ya Wajerumani na chini ya Waingereza, akauona Uhuru wa 1961, akamwona mwanawe akiwa Rais na kung'atuka mwaka 1985. Alifariki mwaka 1997 akiwa amevuka miaka mia moja.

Mwalimu mwenyewe alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 alipewa jina la Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ukaanzia Jimbo la Musoma. Katika mchakato wa namna hiyo Kanisa hukusanya maandishi ya mhusika pamoja na ushahidi wa watu waliomfahamu. Mjane wake, Mama Maria, aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 1930, alikuwa hai na angeweza kuulizwa. Lakini aliyeujua utoto wa Kambarage kuliko binadamu yeyote alikuwa ametangulia miaka minane kabla. Kama hayo yanaweza kuipata familia ya Rais, sisi wa Sekei tuna kinga gani?

Hebu tupige hesabu. Jimbo la Arusha liliundwa mwaka 1963, likawa Jimbo Kuu mwaka 1999. Msichana aliyekuwa na miaka 20 jimbo lilipoanza amekwishavuka themanini. Wakatoliki wengi wa huku walitoka Moshi, Rombo na Mbulu, wakajenga kati ya ndugu zetu Walutheri waliotangulia. Nani alikuwa akiwapokea wageni hao nyumbani kwake? Nani aliuza ndizi ili mawe ya msingi wa kanisa yanunuliwe? Taarifa tunazowaandikia wafadhili zinahesabu madarasa na mabomba, na watu hao hawamo.

Kazi yenyewe ianzie kwenye vitabu vya parokia. Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Wengi hawajui kwamba kipaimara na ndoa huandikwa pia pembeni mwa jina la mtu katika kitabu cha ubatizo, kule kule alikobatizwa. Kwa hiyo bibi aliyebatizwa Kibosho na kufunga ndoa Arusha, kumbukumbu zake zitafutwe Kibosho kwanza.

Kitabu kitakupa tarehe tu. Mengine aulizwe mwenyewe, na wa kumwuliza vizuri ni mjukuu wa kike anayeshinda naye jikoni kuliko katibu mwenye fomu. Bibi asipojua mwaka wake wa kuzaliwa, msimsumbue. Mwulizeni alikuwa mkubwa kiasi gani Wameru walipohamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951, au alikuwa amezaa wangapi Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, au nani aliondoka nyumbani kwenda vita vya Kagera. Majibu yatajipanga yenyewe.

Mwulizeni pia habari za fedha, maana hapo ndipo wasifu wa msibani hukaa kimya. Mwalimu alipoacha kazi ya kufundisha mwaka 1955 ili aitumikie TANU, Mama Maria aliendesha duka dogo Dar es Salaam. Siasa ile nayo ilihitaji mtu wa kununua unga. Katika kaya zetu ada za shule zilitoka kwenye maziwa, mbege au kitenge kilichowekwa rehani, na watoto waliosomeshwa hawajui ni kipi.

Magumu yasifichwe. Wake 22 wa Chifu Burito hawakufutwa katika historia ili familia ionekane njema. Lakini kuandika si kutangaza. Mambo ya mipaka ya shamba, au ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, yaandikwe tu bibi akiridhia, na yasisomwe mbele ya watu bila idhini yake. Akisema "hilo liache", liachwe.

Kwa wafadhili wetu: safari hii hatuombi fedha. Daftari la kurasa mia na simu inayorekodi sauti vinatosha. Kwa wanakamati: kila jumuiya ianze na bibi mmoja aliye mkongwe kuliko wote. Akimaliza kusimulia asomewe yote, asahihishe, na daftari libaki kwa familia. Nakala iende ofisi ya parokia, iwekwe kwenye kabati lile lile la vitabu vya ubatizo, mbali na dari linalovuja.