Homa ya Mtoto na Vipimo Viwili vya Joto

Ndugu wasomaji, tuchukulie kwamba ni usiku wa mwezi wa Julai huko Nkoaranga, katika mitelemko ya Mlima Meru. Baridi imetanda juu ya migomba na mibuni, lakini mtoto aliyelala kifuani mwa mamaye anawaka kama kaa la moto. Kipimajoto kinaonyesha 104. Jirani anastaajabu: "Mwanangu, maji huchemka kwa 100. Chombo hiki kimeharibika, kiweke tulale."

La! Chombo ni kizima. Ila jirani anasoma kipimo kimoja kwa hesabu ya kingine.

Kipimo cha kwanza ni cha Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, aliyekitangaza mwaka 1724. Kwa kipimo hicho maji huganda kwa nyuzi 32 na huchemka kwa 212. Cha pili ni cha Celsius, mtaalamu wa Uswidi, cha mwaka 1742; nacho kwa desturi ya leo huanzia 0 maji yanapoganda, hufika 100 yanapochemka. Basi nyuzi 180 za kule ni sawa na 100 za huku, yaani 9 kwa 5.

Hesabu yake ni nyepesi. Toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Katika 104 ukitoa 32 hubaki 72. Mara 5 ni 360. Gawanya kwa 9, utapata 40. Hiyo ni homa kali! Ukitaka kurudi, zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, halafu ongeza 32.

Vijana, wekeni moyoni haya: 37 ni 98.6, joto la mwili wenye afya. 38 ni 100.4, nayo ni homa. Mtoto asiyetimiza miezi 3 akifika hapo, apelekwe kwa tabibu bila kungoja kuche. Na kabla ya kusoma tarakimu, tazameni kwanza herufi iliyoandikwa kando yake: C au F.

Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Sisi huikumbuka sokoni, penye pishi na kibaba. Na tuikumbuke vilevile kitandani pa mgonjwa, kwani mtoto ni amana, na kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mola.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.