Maji ya Barabara Yanakwenda Wapi?



Siku ya kupima watoto kilo, wamama wengi wanalalamika: "Barabara imekatika, mvua imeikula." Ukiuliza nani ataitengeneza, jibu ni moja: "Iyo kazi ni ya Leta. Siye wanamuke tutafanya nini?"

Ni kweli, kazi kubwa ni ya Leta. Lakini maji yakipotea njia hayaingii kwa ofisi ya Leta. Yanaingia kwa parseli yako, kwa kisima chako, na mwisho kwa tumbo la mtoto wako. Kwa hiyo inafaa ujue kazi hii inavyokwenda, ili uweze kuuliza.

BARABARA INAUAWA NA NINI?

Wengi wanafikiri ni kamyo. Kamyo inamaliza tu kazi iliyoanzwa na maji. Barabara ya udongo ikiwa kavu ni ngumu. Ikilowa inakuwa tope, gurudumu linachimba shimo, na mvua ya kesho inalala ndani ya shimo hilo. Ndiyo sababu kuna bariere ya mvua: baada ya mvua kamyo zinangoja mpaka barabara ikauke. Anayeifungua kwa kupewa pesa kidogo anauza barabara ya kila mtu, pamoja na ile itakayombeba mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Barabara nzuri ina mgongo. Katikati iko juu, pande mbili ziko chini, ili maji yashuke. Kila upande una mfereji. Na mifereji ina matawi yanayotoa maji nje, mpaka porini au mtoni. Matawi yakizibwa na majani, maji yanarudi barabarani.

KAZI NI YA NANI?

Barabara zinazounga miji na teritwari ziko chini ya Office des Routes, iliyoanzishwa mwaka 1971. Barabara za ndani ya miji kama Kindu, pamoja na mifereji yake, ni za Office des Voiries et Drainage, iliyoanzishwa mwaka 1987. Tangu 2008 kuna pia mfuko wa FONER, unaokusanya pesa za kutunza barabara. Na vijijini kuna wakantoniye: watu wa kijiji chenyewe wanaofyeka kando na kuzibua mifereji kwa jembe na panga. Kantoniye akiacha kazi msimu mmoja, mashini kubwa haitaweza kuokoa barabara kwa siku moja.

MFEREJI USIO NA MWISHO

Sikiliza neno hili vizuri, ndilo kubwa kuliko yote: mfereji usiofika mwisho ni mbaya kuliko kukosa mfereji. Unakusanya maji ya watu wote na kuyamwaga mbele ya nyumba ya mtu mmoja.

Zamani mji wa London ulipigwa sana na kolera. Wakachimba mifereji mikubwa chini ya ardhi ili kupeleka machafu mbali. Mwaka 1866 kolera ilirudi. Mahali mifereji ilipokwisha kutengenezwa, watu wengi walipona. Lakini upande wa mashariki kazi ilikuwa haijakwisha, na huko watu zaidi ya 5,000 wakafa. Mji ni mmoja, kazi ni moja. Tofauti ilikuwa kipande kile kilichobaki.

Huku Kailo hatuna mabomba ya machafu chini ya ardhi. Tuna mfereji wa mvua na tuna choo cha shimo. Vitu hivi viwili visikutane kamwe. Usitoboe choo ili kimwagike mferejini wakati wa mvua. Choo kiwe mbali na kisima au chemchemi, hatua 40 au zaidi, na kiwe upande wa chini, si wa juu.

Mtoto akianza kuhara maji meupe kama maji ya kuosha mchele, usingoje asubuhi. Chukua maji safi litri 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Mnyweshe kidogo kidogo njiani huku ukikimbia lopitali.

MASHIMO YANAYOBAKI

Kutengeneza barabara kunahitaji udongo, na udongo unachimbwa kando. Kazi ikiisha, kampuni inakwenda, shimo linabaki na kujaa mvua. Kailo tunajua mashimo, kwa sababu ya wachimbaji wa madini. Mbu wa malaria anapenda maji ya namna hiyo, yaliyotulia na kupigwa na jua. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 10 tu. Tena mtoto mdogo anaweza kuzama humo mchana kweupe. Shimo lifukiwe, au lichimbiwe njia ya kutoa maji, kabla kampuni haijaondoka.

MASWALI YA KUULIZA

Chefu wa kijiji au wa kartiye akiita mkutano juu ya barabara, wamama nendeni pia. Ulizeni:

1. Maji ya mfereji huu yataishia wapi? Watuonyeshe mahali penyewe kwa miguu.
2. Kazi itaanza lini? Kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, ndio wakati wake. Mfereji uliofunguliwa nusu mvua zikianza, utabomoka.
3. Mashimo ya udongo yatafukiwa na nani?
4. Mfereji ukipita mbele ya mlango, wataweka daraja dogo la watoto na wazee?
5. Kazi ikiisha, nani atausafisha?

Kabla ya kukubali kwamba kazi imekwisha, mwageni bidoni chache za maji pale mfereji unapoanza, mkatembee pamoja na maji. Yakisimama njiani, mteremko si mzuri. Fundi arudie.

KAZI YETU YA KILA JUMA

Siku ya salongo kila nyumba izibue kipande chake cha mfereji, ikatoe majani na mifuko ya plastiki. Tope likitolewa, lisiachwe ukingoni, mvua italirudisha. Ukisafisha kila juma, viluwiluwi vya mbu vinakufa kabla ya kuruka. Lakini usiku mtoto alale ndani ya chandarua, hata kama mfereji ni safi.

KUMBUKA

Kuchimba mfereji si mwisho wa kazi. Kazi imekwisha siku maji yanapofika mtoni bila kupita kwa mlango wa mtu. Mpaka siku hiyo, mama, uliza tena: maji yanakwenda wapi?