Wachongaji, Kufundisha Pia Ni Kazi ya Kulipwa

Mchongaji wa mawe wa Tabaka hupanga bei yake, lakini mara nyingi dalali ndiye huamua. Kuna kipato kingine ambacho dalali hana mkono ndani yake: kuwafundisha watu wazima wanaotaka kujiburudisha. Hawa ni wastaafu, vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa na wafanyakazi wa ofisi wanaotafuta la kufanya Jumamosi. Hawatafuti cheti. Wanataka kuchafua mikono, kupiga soga na kurudi nyumbani na kitu walichokitengeneza wenyewe.

Kwa hiyo usiwape jiwe zima la kutoka machimboni. Kwa saa tatu hakuna mgeni atakayetoa ndovu. Mpe kila mmoja kibakuli kilichokwisha kukatwa na kuchimbwa, akimalizie kwa msasa na maji, kikauke, kisha akipake nta. Kina mama wanaosugua na kung'arisha, ambao hawatajwi sanamu zinapouzwa, ndio walimu bora wa hatua hiyo, nao walipwe. Jiwe lisuguliwe likiwa limeloa, tena mahali penye hewa, kwa kuwa vumbi lake likiruka huingia mapafuni. Barakoa ziwepo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huumia. Tuchukue mfano wa watu 12, kila mmoja akilipa Sh1,500. Zinaingia Sh18,000. Vifaa ni Sh300 kwa kila mtu na chai Sh200, jumla Sh6,000. Ukumbi Sh2,000, msaidizi Sh1,500, usafiri Sh1,000. Unabaki na Sh7,500, na humo umo muda wako wa kuandaa vibakuli.

Wakija watano tu, nawe umeshanunua vifaa na chai ya watu 12, zinaingia Sh7,500 na matumizi yako ni Sh10,500. Umetoa Sh3,000 mfukoni kuwaburudisha wengine. Ndiyo sababu nusu ya malipo ilipwe kabla ya siku yenyewe, na kikundi kiambiwe mapema kwamba hairudishwi kwa asiyefika. Mwenyekiti wa chama akisema "tutakuona baadaye", mjibu kwa upole kwamba mawe hayakopeshwi.

Wapo wanaohofu kwamba wanafunzi watawaibia soko. Aliyesugua kibakuli saa nzima na bado kina mikwaruzo hana uwezo huo. Ila ataacha kuuliza kwa nini chako ni ghali, na pengine akanunua kabla ya kuondoka. Weka vichache karibu na mlango.

Ukifundisha mara kwa mara kwa malipo, hiyo ni biashara. Kabla ya kuanza, uliza kuhusu leseni katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yako. Ada huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, si na afisa anayekuhudumia. Lipa kwa njia rasmi pekee, usimpe mtu yeyote pesa taslimu, na udai risiti.