Mzunguko mrefu msituni: Hesabu yake ifanywe nyumbani

Wiki hii tunaanza na barua ya ndugu yetu mmoja anayeishi katika jimbo la New Jersey, Marekani. Anaeleza kuwa mwaka jana, mwezi wa Oktoba, aliwachukua vijana wake wawili, wa miaka 14 na 16, kwenda kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Jimbo ya Harriman. Walichora mzunguko kwenye ramani wakidhani utawachukua mchana mmoja. Jua likazama wakiwa bado msituni, maji yameisha na mvua imewalowesha. Kijana mdogo akawa anatetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Walitoka baada ya kukutana na watembeaji wengine wenye tochi, Alhamdulillah. Nyumbani, mama alikuwa amekaa mpaka saa nne usiku bila kujua wako upande gani wa msitu.

Mwaka huu vijana wanataka kurudi na kulala huko usiku mmoja. Mama hataki hata kusikia. Baba anauliza: tufanyeje?

Jibu letu ni kwamba mama ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, kilichowafika si ubaya wa msitu bali ni safari kufanywa bila hesabu.

Ijue sehemu unayokwenda

Harriman iko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya jiji la New York. Ilianza mwaka 1910, pale Mary Harriman alipotoa ekari 10,000 za ardhi pamoja na dola milioni moja. Ina maziwa na mabwawa 31, na njia za miguu zaidi ya kilomita 300. Sehemu ya kwanza ya njia mashuhuri ya Appalachian Trail, inayotoka Georgia hadi Maine, ilifunguliwa hapa mwaka 1923.

Njia hizi hutambuliwa kwa rangi zilizopakwa kwenye miti. Appalachian Trail ina alama nyeupe, na Ramapo-Dunderberg ina nukta nyekundu juu ya nyeupe. Ukiona alama mbili, moja juu ya nyingine, ujue kuna kona. Njia hukutana na kupishana kila mahali. Ndiyo maana ni rahisi kuunda mzunguko, na ni rahisi vile vile kupotea. Nunua ramani ya karatasi, kwani simu hukosa mtandao mabondeni na baridi humaliza betri upesi.

Hesabu ya muda

Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme mzunguko ni wa kilomita 26 kwa siku mbili, yaani 13 kwa siku, na jumla ya kupanda ni mita 600 kila siku. Kwa kanuni hiyo ni saa tatu na nusu. Lakini kanuni ilimhusu mtu mkakamavu. Kwa familia yenye mizigo ongeza nusu yake, ifike kama saa tano na nusu. Weka saa moja na nusu ya kula, kupumzika na kuswali. Jumla ni saa saba.

Katikati ya Oktoba jua huzama huko kiasi cha saa 12:15 jioni. Mkianza saa mbili asubuhi mtafika saa tisa alasiri, na mtabaki na akiba ya saa tatu. Mkianza saa tano, akiba yote imekwisha kabla hamjapiga hatua.

Tena mzunguko una jambo lake. Katika njia ya kwenda na kurudi, ukichoka unageuka. Katika mzunguko, ukifika nusu, mbele na nyuma ni sawa sawa. Kwa hiyo kabla ya kutoka, tia alama kwenye ramani mahali ambapo njia inakatiza barabara ya magari, kama Seven Lakes Drive au Arden Valley Road. Hiyo ndiyo milango yenu ya kutokea. Kisha wekeni saa ya uamuzi: tusipofika mlango huu saa fulani, tunatoka.

Maji na usafi

Mtu anayetembea huhitaji takriban nusu lita kwa saa, na zaidi kukiwa na joto. Maji ya maziwa na vijito, hata yakionekana meupe, yanaweza kuwa na vijidudu vya giardia vinavyoleta kuharisha kwa wiki kadhaa. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, au tumia chujio maalumu. Usitegemee kijito kidogo kilichochorwa kwenye ramani, kwa sababu vingi hukauka mwisho wa kiangazi.

Kukidhi haja kuwe mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji na njia, katika shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha lifukiwe. Chupa ya kustanjia iwe mbali na chupa za kunywa. Usioshe vyombo wala usitumie sabuni ndani ya kijito. Chota, ukaoshee mbali. Mikono ioshwe kwa sabuni, maana dawa ya kupaka yenye spiriti haiui vizuri baadhi ya virusi vya kuharisha. Kwa udhu, maji kidogo yanatosha. Yakiwa ni ya kunywa tu, dini imeturuhusu kutayamamu.

Kupe

Wasomaji wa Tanzania wanaijua homa ya papasi. Kupe wa misitu ya huko hubeba bakteria wa ukoo huo huo, anayeleta ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji mmoja wa Connecticut. Kupe mchanga huwa mdogo kama punje ya mbegu, na Oktoba ndio wakubwa wanatafuta damu.

Vaeni suruali ndefu, mkiichomeka ndani ya soksi. Kila jioni kagueni makwapa, nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24 akiwa ameganda kabla ya kuambukiza, hivyo ukaguzi wa jioni ni kinga kubwa. Likitokea doa jekundu linalotanuka, au homa, kati ya siku 3 na 30, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa msituni. Dawa ipo, na ikiwahi hutibu vizuri.

Baridi na malazi

Kijana yule aliyeongea ovyo alikuwa anapoteza joto la mwili, hali inayoweza kuua hata penye baridi ya kawaida ikiwa mtu amelowa. Nguo ya pamba ikilowa haimtunzi mtu. Chukueni za sufu au za nyuzi za viwandani, koti la mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Akianza kutetemeka, simameni, mvueni zilizolowa, mvalisheni kavu, mpeni kitu kitamu na cha moto. Msingoje kufika.

Kulala kunaruhusiwa kwenye vibanda vya mawe au karibu navyo tu, na anayewahi ndiye anayepata nafasi. Bebeni hema. Chakula kitundikwe juu ya mti mbali na mnapolala, kwani dubu weusi wapo.

Karatasi ya mama

Mwisho, baba aandike karatasi moja: njia watakazopita kwa rangi zake, mahali gari lilipo, kibanda watakacholala, na saa ya kutoka. Ampe mama. Wakubaliane kuwa saa fulani ikipita bila simu, anapiga 911 na kusoma karatasi ile. Kama baba hawezi kuijaza karatasi hiyo, basi safari bado haijaiva, na mama akikataa yuko sahihi.

Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.