Mti wa kuuza, ardhi ya kuazima

Mteja akiuliza bei ya pamu yenye shina la kumfika kiunoni, kisha akatajiwa bei ya bogonvilia iliyochanua pembeni yake, hudhani anapigwa. Bogonvilia ina maua, pamu ina majani matupu, na bado pamu ndiyo ghali. Muuzaji wa bustani za kando ya barabara jijini Dar es Salaam hana muda wa kueleza. Atapunguza kidogo, biashara itaisha. Ila jibu lipo: bogonvilia imemgharimu mkasi na mkono, pamu imemgharimu miaka.

Bogonvilia ni rahisi mno. Tawi lililokomaa, lenye urefu wa kalamu, huchomekwa kwenye kiriba chenye udongo, mchanga na samadi, likawekwa kivulini na kumwagiliwa. Baada ya wiki kadhaa lina mizizi, na halikawii kutoa maua. Isiponunuliwa msimu huu, unaikata, inarudi kwenye umbo lake, na yale matawi uliyokata ni miche mingine. Muuza nyanya angeomba nini zaidi ya bidhaa ambayo ikikosa mnunuzi inazaa mtaji?

Pamu haitaki mchezo huo. Kila shina lina ncha moja tu ya kukulia, ukiikata umeliua. Aina nyingi za shina moja huoteshwa kwa mbegu, na huchukua miaka kabla shina halijaonekana. Kadiri inavyokua ndivyo inavyodai kiriba kikubwa zaidi, halafu ndoo, halafu pipa lililokatwa nusu, na udongo wa kujaza vyote hivyo unanunuliwa. Ukizembea, mizizi inatoboa kiriba na kushika ardhi. Siku ya kuing'oa inakatika, na mteja anarudi baada ya wiki mbili akiwa na picha ya majani makavu kwenye simu.

Tupige hesabu ya mfano. Una miche 200 ya pamu, na kila mmoja unakula shilingi 500 kwa mwezi: maji, samadi na sehemu ya ujira wa kijana anayemwagilia. Ni shilingi 100,000 kila mwezi, na kwa miaka mitatu ni 3,600,000. Ikifa 50 njiani, kila mmoja kati ya 150 iliyobaki umekugharimu kama shilingi 24,000, na hapo hujahesabu mbegu, viriba wala faida. Kibaya zaidi, fedha hiyo imelala miezi 36 bila kulipa ada ya mtoto yeyote.

Sasa tuangalie miche hiyo imesimama wapi. Nyingi ya bustani hizi ziko ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ni eneo zuri kwa biashara, kwa sababu kila anayekwama kwenye foleni anaziona bidhaa zako. Lakini barabara ikitaka nafasi yake, wewe unahama. Mwaka 2017 nyumba za matofali zilivunjwa kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Mwenye viriba atajitetea kwa lipi?

Ndiyo maana bustani zinafanana. Bogonvilia, krotoni, miashoki midogo, ukoka wa kufunika ardhi: vitu vinavyoota haraka na vinavyoweza kupakiwa kwenye pikapu kabla jua halijazama. Wasanifu wa mandhari hulalamika kwamba wauzaji wetu hawana ubunifu. Mimi naona wana akili timamu. Hakuna anayewekeza miaka mitano kwenye ardhi asiyojua kama atakuwa nayo mwakani.

Fedha ya haraka hutoka kwingine. Chungu cha saruji kinachofinyangwa papo hapo mara nyingi hulipa kuliko ua lililomo ndani yake. Wapo wanaokodisha maua ya vyungu kwa harusi, ua moja likaenda kumbi nyingi na kurudi. Mkataba wa kutunza bustani ya ofisi, unaolipwa kila mwezi, ndio unaomvusha mtu kiangazi, wakati mauzo yanapolala huku maji yakipanda bei. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kutangaza mgao, mmea ulihitaji maji yaleyale, mgao uwepo usiwepo.

Kule Arusha kuna mashamba yanayolikwepa tatizo la kungoja miaka kwa kuuza umri mdogo kabisa: vipandikizi vya krisanthemamu, vyepesi, vinavyosafirishwa kwa ndege kwenda Uholanzi vingali vichanga. Wakulima wa Uholanzi ndio wanaobaki na kazi ya kuvikuza.

Wenye mtaji Dar es Salaam wamechukua njia tofauti. Wananunua shamba Kibaha, Bagamoyo au Mkuranga, wanapanda pamu ardhini zikue kwa raha zake, na kibanda cha barabarani kinabaki kuwa dirisha la duka. Oda ikija, mti unachimbwa pamoja na bonge la udongo wake, unafungwa kwa magunia na kupakiwa kwenye lori. Hapo bei ambayo mteja aliilalamikia inapanda tena, kwa sababu winchi na lori havikopeshi.